Si Pacha

Jumapili usiku nilibadilisha kiini cha seva ya chama.
Dakika kumi, nilimwambia meneja,
naye akaenda zake Cheyo kulala,
na dakika zangu kumi mfukoni.

Saa nane kasoro robo skrini ikaanza kuita majina:
sdb, ipo.
sdc, ipo.
Na chini, kwa herufi nyeupe zisizo na haya:
zote mbili zina alama moja, nichukue ipi?

Kwetu wakizaliwa wawili hatuhangaiki na majina.
Aliyetangulia ni Kulwa, aliyefuata ni Doto,
kabla bibi hajauliza yupi wa kike.
Kiini kipya nacho kikafanya vivyo hivyo:
kikaona njia mbili, kikahesabu watoto wawili,
kikamshika Kulwa mkono, kikamfungia Doto nje.

Si pacha, we kiini. Ni mmoja.
Kabati ni moja, lile la chini lenye taa za kijani,
limebeba marobota yote ya msimu:
uzito, daraja, bei, jina la mkulima na la babaye.
Nyaya mbili zinaliendea, kushoto na kulia,
ili panya akiula wa kushoto
wa kulia usimwambie mtu.

Nimekulia kota za reli. Treni ya bara ikifika Tabora huchanwa usiku,
mabehewa haya Kigoma, haya Mwanza,
na kichwa hubadilishwa gizani kwa filimbi na taa ya mkono,
abiria kalala mdomo wazi, hajui anavutwa na nani.
Baba alikuwa mfungaji mabehewa.
Kichwa kipya hakina kosa, alikuwa akisema. Uliza aliyefunga pini.

Nikatafuta pini.
Nikamwita mlinzi wa njia: yu hai.
Nikamwambia aziunganishe. Akajibu: kifaa kinatumika.
Na nani? Na Kulwa,
aliyekamatwa kabla mlinzi hajaamka.
Nikazima, nikawasha. (Ni aibu, lakini nilifanya.)
Nikachomoa waya, nikaufuta kwa pindo la shati.
Nikampigia Mihayo aliyeko Kaliua, simu ikaita mpaka ikachoka.
Harufu ya tumbaku ikapita chini ya mlango
kutoka ghalani, tamu, kama asali iliyoungua.

Kiini cha zamani bado kilikuwa kwenye orodha.
Sikukifuta, kwa uvivu tu.
Nikakiamsha. Kikatazama njia mbili, kikasema: mmoja.

Basi waya ni mzima. Kabati ni zima.

Kila kiini huamka na kijimkoba,
vitu vichache vya kushika kabla diski haijaonekana,
kama mtu anayepapasa kiberiti.
Nikaufungua mkoba wa kile kipya, kitu kimoja kimoja.
Kulikuwa na kila kitu, hata kibodi za nchi nisizozijua.
Karatasi ya njia haikuwemo.
Mistari kumi na minne. Niliiandika mwenyewe mwaka juzi.

Nikaufunga upya mkoba, karatasi ndani.
Nikawasha. Sikuketi.
Diski moja, na chini yake njia mbili, zote tayari.

Hapo nikauchomoa waya wa kushoto, makusudi.
Njia moja ikaandikwa: imekufa.
Mizani ya majaribio ikaendelea kuandika
kilo themanini na saba
kilo themanini na saba
kilo themanini na saba
nami nikakumbuka kuvuta pumzi.

Asubuhi Nyanzala Kapela alikuwa wa kwanza dirishani, risiti mkononi.
"Robota la nne lilikuwa tisini na moja."
Nikatazama. Tisini na moja.
"Haya," akasema, akaikunja risiti, akaenda.
Hakushukuru. Ya nini?

Meneja akapita na kikombe cha chai.
"Vipi zile dakika kumi?"
"Zimekwisha," nikasema.